Jicho linalochuruzika na pua iliyopinda: namna ya kupanga upasuaji wa vyote viwili kwa mara moja

Mama mmoja mkaanga samaki alifika kliniki ameshika leso. Miaka yote alikuwa akisema ni moshi. Lakini jicho la kulia lilichuruzika hata usiku, moto umezimwa, na asubuhi aliamka kope zimegandana kwa tongotongo. Daktari wa macho akambonyeza taratibu pembeni mwa pua, karibu na kona ya jicho, na ute mzito ukapanda ukatokea jichoni. Habari ya moshi ikaishia hapo. Mfereji wake wa machozi ulikuwa umeziba, na tulidhani lililobaki ni kumpangia tarehe. Kamera ilipoingizwa puani ili kuangalia njia, haikupita: ukuta wa kati wa pua ulikuwa umelalia upande uleule, umebana mpaka pamba ya dawa iliingia kwa shida.

Nimekaa chumba cha upasuaji kama muuguzi kwa muda mrefu kiasi cha kujua swali linalofuata. "Sasa nitapasuliwa mara mbili?" Mara nyingi jibu ni hapana, vyote viwili vinaweza kufanyika kwa usingizi mmoja. Ila kuna mambo ya kuuliza kabla, na kuna wiki kadhaa baada ya hapo ambazo zina uzito kuliko saa mbili za kisu. Nimeyaandika kwa mpangilio ambao mgonjwa hukutana nayo.

Ujue kwanza chozi linapita wapi

Simama mbele ya kioo, vuta kope ya chini kidogo kuelekea nje. Kwenye ukingo wake, karibu na pua, utaona kitundu kama cha ncha ya sindano. Kope ya juu inacho pia. Machozi huingia humo, hupita kwenye vijia viwili vyembamba vinavyoungana, huingia kwenye mfuko wa machozi uliolala ndani ya bonde la mfupa kando ya pua, kisha hushuka kwa mfereji uliomo ndani ya mfupa hadi puani. Ndiyo maana ukilia kamasi hutiririka, na ukitiwa dawa ya jicho unasikia uchungu kooni.

Ukutani mwa pua, upande wa nje, kuna mikunjo ya mfupa mwembamba uliovikwa nyama, imening'inia kama rafu: wa chini, wa kati na wa juu. Mfereji wa asili hufungukia chini ya ule wa chini. Mfuko wenyewe uko juu zaidi, usawa wa pale mkunjo wa kati unapoanzia, na sehemu yake kubwa iko juu ya hapo. Shika jambo hili, kwa sababu ndilo linaloamua kama pua yako iliyopinda ina shida au haina.

Upasuaji wa mfereji ulioziba una jina la kukata pumzi, dakriosistorinostomia. Hospitalini utasikia wakisema DCR tu. Daktari hahangaiki kuzibua mfereji wa zamani. Anaondoa kipande cha mfupa kilicho kati ya mfuko na pua, anaufungua mfuko, na machozi yanapata njia mpya, fupi, ya moja kwa moja. Fundi bomba anayeacha bomba lililooza ukutani na kupitisha jipya pembeni anafanya kitu hichohicho.

Upasuaji wa ukuta wa pua, septoplasti, ni wa kunyoosha au kuondoa sehemu ya gegedu (ule mfupa laini) na mfupa iliyopinda. Na hapa niseme wazi, maana wagonjwa wengi hufika wakiwa wameambiwa tofauti: kunyoosha ukuta wa pua peke yake hakufungui mfereji wa machozi ulioziba. Ukiambiwa ufanyiwe pua ndipo jicho litakauka lenyewe, omba maoni ya daktari mwingine.

Hatua ya 1: Hakikisha tatizo ni kuziba kweli

Jicho kutoa machozi kuna sababu nyingi, na nyingine hazihusiani na mfereji kabisa. Macho makavu hutoa machozi, ajabu lakini kweli: jicho likikauka linawashwa, likiwashwa linamwaga. Mzio huleta machozi ya macho yote mawili pamoja na muwasho. Kope ya mzee ikilegea, kitundu kinageuka nje na machozi hayaingii. Na kwa anayetoka maeneo yenye trakoma, kama Kongwa mkoani Dodoma ambako ugonjwa huo umechunguzwa kwa miongo mingi, vikope vilivyopinda ndani vinavyokwaruza jicho lazima viangaliwe kabla ya jambo lolote. Ukimfanyia mtu huyo DCR, utamwachia mkwaruzo uleule na kovu la bure.

Vipimo vyenyewe si vya kutisha. Daktari hutia tone la rangi ya manjano jichoni na kusubiri kama dakika 5. Njia ikiwa wazi rangi hupungua haraka, ikiwa imeziba hubaki imetuama. Kisha hufanya kile ninachokiamini kuliko vyote: anatia ganzi ya matone, anaingiza sindano butu kwenye kitundu cha kope na kusukuma maji ya chumvi. Ukisikia chumvi kooni, njia iko wazi. Maji yakirudi kupitia kitundu cha kope ya pili, hasa yakiwa na ute, kizuizi kiko chini, kwenye mfuko au mfereji, na hapo DCR inafaa. Yakirudi kupitia kitundu kilekile alichoingilia, kizuizi huenda kiko kwenye kijia chenyewe, na DCR ya kawaida haitatosha. Uliza matokeo yawe yameandikwa kwenye faili kwa maneno hayo.

Dalili mbili zisipite bila kusemwa: machozi yenye damu, na uvimbe mgumu uliopanda juu ya usawa wa kona ya jicho. Hizo zinataka picha ya CT na uchunguzi wa kina kabla ya mpango wowote, kwa kuwa mfuko wa machozi nao unaweza kuota uvimbe mbaya.

Hatua ya 2: Pua ipimwe kabla ya tarehe kupangwa

Makosa mengi niliyoyaona yamezaliwa hapa. Mgonjwa anaonwa na idara ya macho, anapangiwa siku, na pua inatazamwa kwa mara ya kwanza akiwa tayari amelala mezani. Daktari anakuta hakuna nafasi. Analazimika aidha kuchagua njia ya ngozi ambayo mgonjwa hakuiridhia, au kumwamsha arudi nyumbani. Kwa hiyo omba rufaa ya idara ya masikio, pua na koo mapema. Hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC ya Moshi au Kenyatta ya Nairobi zina idara zote mbili, na barua ya kutoka korido moja kwenda nyingine ni kazi ya dakika chache.

Daktari wa pua akiingiza kamera, mwulize mambo matatu na asikujibu kwa "pua imepinda" peke yake.

La kwanza, imepinda kuelekea upande gani? Ukuta uliolalia kushoto wakati jicho lililoziba ni la kulia hausumbui upasuaji wa machozi. Kinyume chake, unaupa nafasi zaidi.

La pili, imepinda kwa juu au kwa chini? Kuna watu wana mwiba wa mfupa sakafuni mwa pua, mkubwa wa kuogofya kwenye picha, lakini hauko karibu na mfuko. Kinachozuia ni mpindo wa mbele na juu, unaogusa au kukaribia mwanzo wa mkunjo wa kati. Kama daktari hawezi kuona mwanzo wa mkunjo huo hata baada ya pamba yenye dawa ya kusinyaza utando, jibu ni ndiyo, ukuta utaguswa.

La tatu ni lako mwenyewe: unapumua? Mtu anayelala mdomo wazi, anayekoroma, ambaye tundu moja limekufa tangu aangukie pua utotoni, ana sababu ya kunyooshwa ukuta hata kama mfuko ungefikika. Asiye na shida yoyote ya kupumua na ambaye mfuko wake unaonekana vizuri hana sababu. Karibu kila binadamu ana ukuta uliopinda kidogo. Sioni haja ya kumkata mtu kwa sababu tu tayari amelala.

Waangalie pia nyama za puani, sinusi (vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso) zenye usaha na mzio usiotibiwa. Tundu jipya linalofungukia kwenye pua yenye uvimbe wa kudumu halidumu.

Hatua ya 3: Chagua njia, kupitia ngozi au kupitia puani

Njia ya ngozi ni ya zamani na haijachuja. Addeo Toti wa Italia aliielezea mwaka 1904: mkato mdogo kando ya pua, chini ya kona ya jicho, mfupa unatolewa, mfuko unafunguliwa. Njia ya puani nayo Caldwell wa Marekani aliijaribu tangu 1893, lakini bila mwanga wa kutosha wala macho ya kuona ndani haikuenea. Iliporudi kwa nguvu ilirudi na kamera. McDonogh na Meiring wa Afrika Kusini waliichapisha mwaka 1989, na tangu hapo madaktari wa pua wameifanya yao.

Mikononi mwa aliyezoea, njia zote mbili hufaulu kwa wagonjwa wengi sana, takriban 9 kati ya 10. Ya puani haiachi kovu usoni na inamruhusu daktari kurekebisha ukuta, nyama na sinusi kupitia tundu lilelile. Ya ngozi inahitaji vifaa vichache na inafaa pale ambapo kamera nzuri haipo. Ushauri wangu ni kufuata mkono wa daktari kuliko mtindo: aliyefanya za ngozi mia mbili ni bora kuliko anayejifunza kamera juu yako.

Usidhani njia ya ngozi inaufuta mpindo wa ukuta. Tundu bado linafungukia puani, mahali palepale. Ukuta ukiwa umeegemea hapo, kovu litashikana nao na machozi yatarudi baada ya miezi. Kwa hiyo swali la hatua ya 2 linabaki hata ukichagua mkato wa nje.

Hatua ya 4: Pamoja au mbalimbali?

Faida za kufanya pamoja unaweza kuzihesabu mwenyewe: nusu kaputi moja, kulazwa mara moja, ruhusa moja kazini, nauli moja kutoka wilayani. Na kwa daktari wa machozi kuna faida kubwa zaidi, anapata uwanja wa kufanyia kazi na wa kumsafishia mgonjwa baadaye kliniki.

Kutenganisha kunafaa katika hali hizi. Mfuko ukiwa umevimba mwekundu, una usaha na homa, wengi hutibu maambukizi kwanza kwa antibiotiki, jipu likihitaji kutolewa linatolewa, na ukuta wa pua unasubiri. Anayetumia dawa kali za kuzuia damu kuganda ambazo daktari wake wa moyo hataki zisimamishwe atafanyiwa kile cha lazima tu. Anayetaka umbo la nje la pua libadilishwe, hiyo ni kazi nyingine, ndefu, isibebeshwe siku hii. Kama ukuta umevunjikavunjika na unahitaji kujengwa upya wote, madaktari wengine hupenda upone kwanza, kisha warudi kwa machozi.

Watoto wana kitabu chao. Mtoto mchanga mwenye tongotongo na machozi, mara nyingi utando mdogo mwishoni mwa mfereji haujafunguka, na kwa wengi hufunguka kabla ya kutimiza mwaka 1 kwa kukandwa kona ya jicho kama daktari atakavyokuonyesha. Isipofunguka, huzibuliwa kwa kijiti chembamba. Ukuta wa pua wa mtoto anayekua haukatwi ovyo.

Hatua ya 5: Wakutanishe madaktari, na bima

Wakati mwingine daktari mmoja hufanya vyote. Mara nyingi ni wawili: wa pua anaanza, wa macho anamalizia au wanashirikiana. Wawe wamezungumza kabla, na jina la kila mmoja liwe kwenye ratiba ya siku hiyo. Nimewahi kumwona mgonjwa aliyefunga tangu usiku akirudishwa wodini saa tisa alasiri kwa sababu daktari wa pili hakuwa na taarifa.

Kwenye bima, kibali kionyeshe upasuaji wa aina zote mbili kwa majina. Kikiandikwa DCR peke yake, kunyoosha ukuta kutaangukia mfukoni mwako. Uliza pia kama mpira wa silikoni na vibao vya puani (nitavieleza hatua ya 7) vimo kwenye bei au unavinunua, maana vitu hivyo vidogo ndivyo huchelewesha watu.

Fomu ya ridhaa isome. Iandike upande wa jicho, kulia au kushoto, na ionyeshe kwamba umekubali njia ya ngozi endapo ya puani itashindikana, au hukukubali.

Hatua ya 6: Wiki mbili za kujiandaa

Taja kila dawa unayotumia, pamoja na zile usizoziita dawa. Aspirini, klopidogreli, wafarini, ibuprofeni, diklofenaki unayonunua dukani kwa ajili ya mgongo, vidonge vya vitunguu saumu, unga wa tangawizi uliopewa na jirani. Pua ina damu nyingi, na tone moja kwenye kamera linatosha kumfumba daktari macho. Ila usisimamishe dawa ya moyo kwa uamuzi wako; aliyewekewa chuma kwenye mshipa wa moyo akiacha dawa ghafla anaweza kupata balaa kubwa kuliko jicho linalochuruzika. Anayeamua ni aliyekuandikia.

Presha iwe imetulia kwa wiki kadhaa, usitegemee kidonge cha asubuhi ya upasuaji. Sukari vivyo hivyo. Sigara na ugoro viachwe; ugoro hasa, kwa kuwa unakwenda moja kwa moja kwenye kidonda. Wanja uache kupaka wiki moja kabla. Chembe zake huingia kwenye vitundu vya kope, na zimewahi kukutwa zimeganda ndani ya mfuko.

Chakula kigumu kiishe muda wa saa 6 kabla ya nusu kaputi, maji matupu muda wa saa 2 kabla. Chai ya maziwa ni chakula. Nasema hivi kwa sababu kila wiki kuna mtu anayeahirishwa kwa kikombe cha chai ya maziwa alichoapa kwamba ni "maji tu".

Hatua ya 7: Kinachofanyika ukiwa umelala

Utapewa nusu kaputi, mrija wa hewa upitie mdomoni, na mara nyingi gozi huwekwa kooni kuzuia damu isishuke tumboni. Ukiamka koo linakereketa, sababu ndiyo hiyo. Kichwa huinuliwa kidogo, pua hujazwa pamba yenye adrenalini ili mishipa isinyae.

Kwa kawaida ukuta hutangulia. Mkato uko ndani ya pua, hauonekani. Utando huinuliwa kutoka kwenye gegedu kama unavyobandua ganda la ndani la yai, kipande kilichopinda hutolewa au hunyooshwa, na utando hurudishwa. Daktari huacha ukanda wa gegedu wa karibu sentimita 1 juu na mbele. Huo ndio nguzo ya pua, ukiondolewa mgongo wa pua hubonyea. Kama shida ni ya mfuko tu na si ya pumzi, si lazima ukuta wote uguswe. Kwa kamera anaweza kutoa ule mpindo wa juu uliozuia njia na kuacha mengine yalivyo. Mimi napenda daktari wa namna hiyo.

Kisha anageukia ukuta wa nje. Anachana utando mbele ya mkunjo wa kati, anatoa mfupa kwa koleo au mashine ndogo, mpaka mfuko wote uonekane tangu juu hadi chini, halafu anaupasua na kuulaza wazi kama kitabu. Mfuko uliotobolewa kidogo hufunga. Uliofunguliwa wote hukaa. Hapa ndipo kuna hatari mahsusi ya kufanya vyote pamoja: vidonda viwili vinatazamana, kimoja kwenye ukuta wa kati na kingine mbele yake, milimita chache tu katikati. Vikigusana wakati wa kupona, daraja la kovu linajengeka juu ya tundu jipya. Ndiyo maana utando unaotazamana na tundu hulindwa kama mboni, na vibao laini vya plastiki hushonwa pande mbili za ukuta kwa siku za mwanzo. Muulize daktari wako ataweka nini katikati. Akiwa na jibu tayari, umepata mtu anayejua anachofanya.

Mwisho, mpira mwembamba wa silikoni hupitishwa kwenye vitundu vyote viwili vya kope na ncha zake kufungwa ndani ya pua. Wapo wasiouweka, na kwa wagonjwa wengine matokeo hayatofautiani. Yote huchukua kama saa 2, zaidi au pungufu.

Hatua ya 8: Siku za kwanza nyumbani

Lala kichwa kimeinuka kwa mito miwili. Pua itakuwa imeziba kama ya mafua makali, utapumua kwa mdomo, midomo itakauka; paka mafuta. Maji mekundu mepesi yakidondoka siku 2 au 3 ni kawaida, weka kipande cha gozi chini ya pua na ubadilishe.

Usipenge kamasi kwa wiki 2. Hili ndilo agizo linalovunjwa kuliko yote. Ukipenga, hewa hupita kwenye tundu jipya na kuingia chini ya ngozi ya jicho, ngozi inavimba na kutoa mlio kama mfuko wa karatasi ukiigusa. Chafya ikikujia, fungua mdomo utoe kwa mdomo. Usibebe ndoo, gunia wala mtoto mgongoni, usiiname kupiga deki. Chai ipoe. Na kujifukiza, dawa ya kila mafua majumbani kwetu, kuache kabisa: mvuke wa moto hufungua mishipa na utarudi hospitali na damu.

Waislamu huniuliza sana kuhusu udhu. Kupandisha maji puani katika madhehebu ya Shafi, inayofuatwa na wengi pwani, ni sunna, hivyo kuiacha kwa muda hakuharibu udhu wako. Kusujudu nako kunashusha kichwa. Mgonjwa anaruhusiwa kuswali ameketi na kuashiria kwa kichwa. Sheikh wako atakuthibitishia, mimi ninachojua ni damu.

Hatua ya 9: Kuosha pua, vibao na mpira

Daktari atakwambia siku ya kuanza kuosha, mara nyingi ndani ya siku chache za mwanzo. Chemsha nusu lita ya maji, yapoe yawe vuguvugu, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, bapa, na nusu kijiko cha soda ya kuokea. Soda ya kuokea, narudia. Si magadi ya kupikia maharage. Inama kidogo juu ya beseni, sukuma taratibu kwa bomba la sindano lisilo na sindano, yatoke upande wa pili au mdomoni. Mara 3 au 4 kwa siku. Maji ya bomba yasiyochemshwa hayafai, na yaliyobaki yamwage.

Usipoosha, magamba ya damu hukauka juu ya tundu, na kovu hupenda kukua chini ya gamba. Wagonjwa wawili waliofanyiwa kazi ileile siku ileile niliwaona wakirudi baada ya mwezi: mmoja pua safi, tundu pana, mwingine amejaa magamba meusi kwa sababu aliogopa kuosha. Walipasuliwa na mkono mmoja.

Vibao hutolewa baada ya wiki moja hivi, na hapo utahisi umepewa pua mpya. Mpira hukaa wiki 4 hadi 12. Utauona kwenye kona ya jicho kama uzi wa kioo. Ukichomoza na kuwa kitanzi, usiuvute wala usiukate. Ubandike shavuni kwa plasta na uende kliniki. Usisugue jicho, hasa usingizini. Wengine hulala na kitambaa laini juu yake wiki ya kwanza.

Baada ya muda utapenga kidogo na kuhisi hewa ikipulizia jicho. Watu hupiga simu wakiwa na hofu. Ni habari njema, tundu liko wazi.

Rudi hospitali siku hiyohiyo ukiona haya

Pua zote mbili zimeziba ghafla na maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, hasa siku za mwanzo: damu inaweza kuwa imejikusanya ndani ya ukuta wa kati, na isipotolewa haraka gegedu hufa na pua hubonyea. Damu inayotiririka isiyokoma ukibana pua dakika 15 huku umeinamia mbele. Kuona kumepungua, unaona vitu viwiliviwili, au jicho linatokeza nje. Maji mepesi kama maji ya kunywa yanayodondoka tundu moja kila ukiinama, pamoja na kuumwa kichwa. Hayo yanaweza kuwa maji ya ubongo. Homa na uvimbe wa moto konani mwa jicho. Usingoje tarehe ya kliniki kwa lolote kati ya hayo.

Machozi yakirudi

Wiki za mwanzo jicho bado linaweza kulowa, mpira wenyewe unawasha. Likiendelea baada ya mpira kutolewa, rudini kwenye kamera. Mara nyingi kinachoonekana ni daraja la kovu kati ya ukuta na mkunjo wa kati, ambalo hukatwa kwa ganzi, au tundu lililofunga ambalo hufunguliwa upya. Kuna wakati tundu liko wazi na machozi bado yanamwagika kwa sababu kope imelegea. Hiyo ni kazi ya daktari wa macho.

Siku ya kutoa mpira haichukui hata dakika 5. Tone la ganzi, mpira unakatwa konani mwa jicho, ncha inavutwa kupitia puani, wengine hupiga chafya moja. Kisha daktari anarudia kile kipimo cha mwanzo: sindano butu, maji ya chumvi. Mama mkaanga samaki alikaa kimya, akameza mate, akakunja uso. "Chumvi," akasema.